Baba anasema bora acheze kuliko agande

Shikamoo Shangazi,

Pole na kazi. Mimi ni mtoto wa tatu kwetu, nimeolewa, naishi Sakina hapa Arusha na nauza vitenge. Wazazi wangu wako Machame. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi mpaka alipostaafu. Huu ni mwaka wa nane ana ugonjwa wa Parkinson. Ulianza kwa mkono wa kushoto kutetemeka, akawa anauficha mfukoni. Baadaye mwandiko ukawa mdogo hata hausomeki, na mguu ukaanza kuburuta. Tulihangaika sana kabla ya kujua ni nini. Wapo waliosema ni presha, wapo waliosema katupiwa kitu kwa sababu ya mgogoro wa mpaka wa kihamba. Mwishowe daktari wa mishipa ya fahamu akamwanzishia vidonge vya levodopa na kabidopa, vile vya 250 kwa 25, kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja jioni.

Shangazi, vidonge vile vilimrudisha baba. Alipalilia kahawa, akashuka mwenyewe na Noah mpaka Moshi mjini, akarudi kusimamia hesabu za jumuiya.

Tangu mwaka juzi limeingia jambo jingine. Akishameza kidonge, haupiti muda mrefu mwili unaanza kucheza. Si ule mtetemo wa zamani. Bega linapanda na kushuka, shingo inajinyonga upande, mguu wa kushoto unarushwa rushwa, na akikaa kwenye kiti kiuno kinazunguka. Chai inamwagika kabla ya kufika mdomoni. Baadaye inatulia, halafu kabla ya kidonge kinachofuata anakauka kabisa, hata kugeuka kitandani hawezi.

Watu wanasema. Kanisani mama mmoja alimuuliza mama yangu mzee ameanza lini kunywa mbege asubuhi. Tangu siku hiyo mama hampeleki tena ibadani. Mwezi uliopita mama na wifi yake walikubaliana kumwachisha vidonge "mwili upumzike". Siku ya pili baba alishindwa hata kumeza uji, jasho linamtoka, homa juu, tukamkimbiza hospitali usiku.

Kaka yetu mkubwa yuko Uingereza. Amesoma kwamba kuna dawa zinajaribiwa za kutuliza hiyo michezo ya mwili, na anataka baba aandikishwe, iwe kwake huko au hapa nyumbani. Kwenye kundi la familia ameshatangaza mchango. Anawalaumu pia madaktari kwamba walimwanzishia baba levodopa mapema mno, ndiyo iliyomharibu. Na hapa Arusha kuna mtu amemfuata mume wangu, anadai ana dawa mpya ya majaribio kutoka nje, tutoe laki tatu na nusu baba aingizwe kwenye orodha. Mama mdogo naye kaleta unga wa upupu, anasema umemponya mtu Rombo.

Ajabu ni baba mwenyewe. Tukimuuliza anacheka, anasema, "Bora nicheze kuliko nigande." Habari ya dawa nyingine hataki kuisikia. Kaka anasema mgonjwa hajui linalomfaa. Desemba mjukuu wake anapata kipaimara, ukoo mzima utakuwepo, na mama ameshapitisha kwamba baba atabaki nyumbani.

Tumfuate kaka? Hayo majaribio ni jambo la heri, au tunamtoa mzee wetu akajaribiwe na watu?

Binti wa Mwalimu,
Sakina, Arusha

*

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa usiku ule.

Kabla ya lolote, vidonge visikatishwe tena. Levodopa ikikatwa ghafla kwa mtu aliyeizoea miaka mingi, mwili unaweza kukakamaa wote, homa ikapanda, misuli ikaanza kuharibika na figo zikazidiwa. Watu hufa kwa jambo hilo. Jasho na homa ulivyovieleza vinaangukia humo humo, na mlifanya vizuri kuwahi hospitali. Mwambie mama, mwambie na wifi yake: dozi hupunguzwa na daktari, kidogo kidogo, si kwa makubaliano ya jikoni. Na siku mkifika zahanati yoyote kwa sababu baba anatapika au amechanganyikiwa, tangulieni kusema ana Parkinson. Sindano ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil, na dawa ya kutuliza akili iitwayo haloperidoli, zote mbili huziba mahali pale pale levodopa inapofanyia kazi. Liandikeni hilo kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yake ya kliniki.

Sasa nije kwa baba yako. Kaka anaona ni ukaidi wa uzee. Mimi nimeisoma barua yako yote, na naona Mwalimu ndiye aliyegusa kiini cha jambo kuliko nyote.

Watu wanaojaribu dawa za kutuliza michezo hii, ambayo hospitali wanaiita diskinesia, huwapa washiriki karatasi ya kujaza. Siku nzima ya saa 24 imekatwa vipande vya nusu saa. Kila nusu saa mgonjwa anatia alama kwenye safu moja kati ya tano: nimelala; nimekauka; dawa imeshika na sichezi; dawa imeshika, nacheza ila hainisumbui; dawa imeshika, nacheza na inanisumbua. Ziangalie hizo mbili za mwisho. Mwili unaweza kuwa unacheza vile vile kwa macho ya jirani, lakini safu ni tofauti, na anayeamua ni mwenye mwili. Wakati wa kupiga hesabu, saa za kucheza kusikosumbua hujumlishwa pamoja na saa nzuri. Saa za kusumbuliwa hazijumlishwi humo. Kwa hiyo hata dawa mpya kabisa, yenye kampuni kubwa nyuma yake, inapimwa kwa swali lile lile ambalo Mwalimu ameshalijibu huku anacheka. Kinachowekwa kwenye mizani ni kero ya mgonjwa. Aibu ya familia haina safu.

Simaanishi kwamba jibu lake la barazani linatosha. Mzee anaweza kusema hasumbuki kwa kuwa anaogopa mtampunguzia dozi arudi kuganda. Hofu hiyo ina msingi, maana mmeshamwonyesha inavyokuwa. Chai inayomwagika nayo ni kero, na mtu anayezungusha kiuno kutwa hupungua uzito na huanguka. Ndiyo maana nataka mlifanye hili jambo kwa maandishi. Mnunulie kaunta buku. Mwalimu wa hesabu hana haja ya kufundishwa kupiga mistari. Mistari 48 kwa siku, safu tano, na pembeni safu mbili za kwenu: saa aliyomeza kidonge, na saa aliyokula na alichokula. Ajaze mwenyewe. Saa ambazo mkono umekataa, aseme na mtu amwandikie neno lake kama alivyolisema, hata kama mwandishi anaona vingine. Siku tatu nne za kawaida zinatosha, msichague zile mbaya tu. Akiridhia, kijana mmoja amrekodi kwa simu kabla ya kidonge, nusu saa baadaye, na dawa inapoelekea kuisha. Siku ya kliniki mzee anaweza kuingia kwa daktari akiwa ametulia kabisa, ikaonekana mnatunga.

Karatasi hiyo ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kucheza huku kuna aina zake. Kwa wengi hutokea katikati, dawa ikiwa nyingi mwilini, na hapo daktari hufikiria kupunguza kiasi kinachomezwa kwa mara moja. Wengine hucheza dawa inapopanda na tena inaposhuka, hasa miguu, na katikati wametulia. Huyo ukimpunguzia unaweza kumzidishia. Wapo pia ambao alfajiri, kabla ya kidonge cha kwanza, vidole vya mguu hujikunja kwa maumivu, na hapo dawa ni chache mno. Barua yako inaelekea aina ya kwanza, lakini umeandika tu "haupiti muda mrefu". Daktari anahitaji kujua ni dakika 20 au ni saa nzima.

Kwa nini dawa iliyomrudisha shambani imegeuka hivi? Wewe ni wa Machame, mifereji ya mlimani unaijua. Mfereji wenye bwawa juu yake unamwagilia taratibu hata siku ambayo zamu si yenu. Bwawa likibomoka, maji huja siku ya zamu tu, yote kwa mkupuo, yanazoa mbegu, kisha ni ukame mpaka zamu nyingine. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayoratibu mwendo, ndizo zilizokuwa bwawa la baba yako. Miaka ya mwanzo zilizobaki ziliipokea levodopa, zikaigeuza dopamini, zikaihifadhi na kuitoa kidogo kidogo. Ugonjwa umeendelea kuziua. Levodopa yenyewe haikai, kwani baada ya kama dakika 90 nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Kwa hiyo kila kidonge kizima kinampandisha juu, kisha kinamwangusha. Kucheza na kuganda ni jambo moja lenye pande mbili.

Hapa nimjibu kaka kuhusu lawama yake. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe walishauriana kuichelewesha levodopa, wakiamini kwamba ndiyo yenye kuleta michezo hii ikitumika muda mrefu. Jibu zuri kuliko yote limetoka Afrika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Italia. Waghana walikuwa wamechelewa kupata dawa, kwa wastani zaidi ya miaka 4 tangu dalili zianze, ilhali Waitaliano walianza baada ya miaka 2 na kitu. Kama levodopa ndiyo mkosaji, Waghana wangechelewa pia kucheza. Hawakuchelewa. Michezo iliwajia wote ugonjwa ukiwa na umri unaokaribiana, na iliwapata zaidi waliokuwa wakitumia dozi kubwa. Kwa hiyo kumchelewesha baba kungemnyang'anya ile miaka ya kahawa tu. Dozi ndiyo inayozungumzika, na hapo ndipo mkae na daktari.

Muulizeni mambo haya. Je, kile kizima mara tatu kinaweza kugawanywa, anywe kidogo kidogo mara nyingi zaidi kwa siku, jumla ikibaki ile ile au ikashuka? Msijigawie wenyewe kwa kisu cha jikoni. Je, chakula kinaingiliana? Levodopa na protini hugombania njia moja kutoka utumbo kwenda kwenye damu na kutoka damu kwenda ubongoni. Mtori wenye nyama nyingi, kiburu cha maharage au maziwa yakishuka pamoja na kidonge, kidonge hukawia na siku nyingine kinaonekana kama hakikumezwa. Hapana, msimnyime nyama, ameshakonda vya kutosha. Kidonge kitangulie chakula kwa nusu saa hivi.

Kisha muulizeni kuhusu amantadini. Hiyo ndiyo dawa ambayo kaka yako anaihangaikia bila kuijua jina. Ilianza kama dawa ya homa ya mafua, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1966. Mwaka 1968 mama mmoja Mmarekani mwenye Parkinson aliimeza kujikinga na homa hiyo, akaona mtetemo na ukakamavu vimepungua, alipoiacha vikarudi, akamweleza daktari wake. Daktari yule alimsikiliza, na mwaka 1969 matokeo ya wagonjwa wengine waliojaribiwa baada yake yakachapishwa. Baadaye ilionekana inatuliza pia michezo inayoletwa na levodopa, na mwaka 2017 Marekani iliidhinisha aina yake inayoachia dawa polepole, ya kumeza wakati wa kulala, ikawa dawa ya kwanza kabisa kupewa kibali mahsusi kwa tatizo hili. Ile ya kawaida ndiyo ya zamani zaidi na madaktari wengi huitumia kwa kazi hiyo hiyo. Ina ubaya wake. Kwenye majaribio ya hiyo ya kumeza usiku, watu 21 kati ya 100 waliona au kusikia vitu ambavyo havipo, wakati waliomeza vidonge vitupu, yaani visivyo na dawa ndani, walikuwa 3. Huleta pia miguu kuvimba, kinywa kukauka, choo kigumu na kizunguzungu cha kusimama. Hutoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo mzee wa umri wa baba yako apimwe figo kwanza. Na kama imeanza kutumika, nayo haiachwi ghafla.

Umeona hesabu yenyewe? Mtu anayecheza bila kusumbuka unaweza kumpa dawa, akatulia, watu kanisani wakafurahi, naye akaanza kuona wageni wasiokuwepo chumbani usiku. Ndiyo maana swali la nani anasumbuka linatangulia.

Sasa majaribio yenyewe. Siyapingi hata kidogo. Levodopa ilifika Machame kwa sababu wagonjwa fulani kule New York, miaka ya 1960, walikubali kuongezwa dozi taratibu mpaka walipoonekana wanainuka. Daktari George Cotzias alitangaza matokeo hayo mwaka 1967, na haikupita miaka miwili timu yake ikawa imeshaandika pia habari ya miili kucheza. Tatizo langu na kaka yako ni kwamba anaandika kana kwamba dawa inayojaribiwa ni dawa ambayo imeshafaa, bado kupakiwa tu. Dawa hujaribiwa kwa sababu hakuna ajuaye. Dawa moja ya majaribio iitwayo sarizotan ilifanya vizuri kwa kima maabara na kwa vikundi vidogo vya watu. Ilipopelekwa kwenye majaribio makubwa haikukishinda kidonge kitupu, ikaachwa. Mavoglurant nayo ilianza kwa matumaini, ikaishia hapo hapo. Na usikidharau kidonge kitupu. Watafiti wa Kanada walionyesha mwaka 2001 kwamba mgonjwa wa Parkinson anayeamini amepewa dawa, ubongo wake unaachia dopamini yake mwenyewe. Kwa hiyo kwenye majaribio haya watu wa vidonge vitupu hupata nafuu nao, na dawa ya kweli inalazimika kuwapita.

Baba akiingia kwenye jaribio, kura itaamua apate dawa au kidonge kitupu, na yeye na daktari wake wote hawatajua ni kipi. Levodopa yake kwa kawaida ataendelea nayo, ila dozi itafungwa isibadilishwe muda wote wa jaribio, hata kama siku fulani ingefaa kuibadilisha. Atapimwa kumbukumbu, moyo na figo kabla ya kupokelewa, na wengi hukataliwa hapo. Atarudi kliniki ile ile mara kwa mara kwa wiki au miezi. Mzee anayeshindwa kugeuka kitandani, umpandishe ndege, umweke kwenye baridi ya Uingereza mbali na kihamba chake, kwa ajili ya kitu ambacho huenda ni unga mtupu? Mimi kwenye mchango huo singetia hata elfu kumi. Zikusanyeni hizo fedha, lakini zilipie safari za kwa daktari bingwa, vipimo vya figo, vidonge visikatike katikati ya mwezi, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kaka akitaka kusoma, asome pia kuhusu upasuaji wa kuweka nyaya ubongoni, maana huo hupunguza michezo kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri. Mwulizeni daktari kama Mwalimu ni mmoja wao, na muulizeni pia, mkiwa Moshi, kama kuna utafiti wowote unaoendelea hapa kwetu unaomfaa. Kutafitiwa kwenyewe si kugeni kwa watu wa Hai. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani kwenu na kuchapishwa mwaka 2008 uliwafikia watu 161,071 na kukuta 33 wenye Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Kwa hiyo yule mama wa kanisani msimchukie, hajui alichokiona. Marekani kwenyewe, mwigizaji Michael J. Fox alipojitokeza kwenye tangazo mwaka 2006 mwili ukimcheza kwa sababu hii hii, mtangazaji mmoja wa redio alidai anaigiza.

Na likipatikana jaribio la kweli hapa nchini, litakuwa na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na namba za vibali hivyo mtapewa mkiuliza, bila mtu kununa. Kutakuwa na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, itakayosema dawa ni nini, hatari zake zinazojulikana, nani atamtibu akidhurika, na kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Atakayesaini ni Mwalimu. Najua kwetu kaka mkubwa ndiye msemaji wa nyumba, na kwenye mambo ya mahari na mipaka asemee. Mtu mwenye akili zake timamu hasemewi mwili wake, na mtafiti anayekubali saini ya mtoto wakati baba yupo na anajielewa, mkimbieni.

Yule wa laki tatu na nusu sina maneno naye mengi. Dawa iliyo kwenye jaribio haiuzwi, na orodha ya kulipia si ya jaribio. Mumeo asimpe hata nauli. Akirudi, achukue jina la dawa na picha ya boksi, azipeleke ofisi ya TMDA ya kanda, iko hapo hapo Arusha.

Upupu ni habari nyingine, usicheke. Mbegu zake zina levodopa ya kweli. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa Bolivia kwa wagonjwa 18, unga wa mbegu zilizokaangwa ukilinganishwa na vidonge, na ulifanya kazi vizuri. Lakini wale walipimiwa kiasi cha levodopa kilichomo na waliangaliwa na madaktari. Wa mama mdogo umepimwa kwa kijiko. Baba yako shida yake ni dawa kuja nyingi kwa mara moja, halafu mnamwongezea nyingine juu yake msiyoijua kiasi? Mshukuruni mama mdogo, unga uwekwe kabatini, na daktari aambiwe upo. Kama mzee ameshaulamba, aambiwe hilo pia.

Nimalizie na kipaimara, kwa sababu hilo ndilo la karibu. Mama hakukosea kuona haya, ila aliyealikwa ni babu wa mtoto, naye aulizwe. Akisema anakwenda, fungueni kaunta buku mtafute inamchukua muda gani baada ya kidonge kufika kwenye safu ya tatu, ile ya dawa imeshika na hachezi, kisha mhesabu kurudi nyuma kutoka saa ya ibada kuanza. Usiwe na haraka naye asubuhi hiyo, wala asigombezwe, kwani wasiwasi huongeza kucheza. Apewe nafasi mwisho wa benchi, upande ambao mguu wa kushoto una pa kwenda, na kijana mmoja mwenye nguvu akae nyuma yake. Maji yawe kwenye chupa yenye kifuniko. Mama akiulizwa tena habari ya mbege, ajibu kwa sauti ya kawaida kwamba ni vidonge vya Parkinson na baada ya muda mwili utatulia. Kidonge cha mchana akimeze kabla hamjatoka kanisani, ili mkifika kwenye pilau nusu saa iwe imeshapita.